Chungu Ndicho Kichaguacho Siku: Sifa za Ufundi wa Uki wa Asali Ukambani

Kila tarehe 22 Februari, baa na hoteli za Marekani, na siku hizi za nchi nyingine pia, huadhimisha siku ya margarita, yaani kinywaji mseto kinachochanganywa kwa tekila, likeri ya machungwa na maji ya ndimu, kisha kikamiminwa katika glasi iliyopakwa chumvi ukingoni. Siku hiyo haina shujaa wala mtakatifu, haifuati mavuno wala mwandamo wa mwezi, na ingeweza kuhamishiwa Septemba bila mnywaji yeyote kupungukiwa na kitu, kwa sababu ni tarehe iliyotengwa ili kinywaji kilichokwisha kuwapo kipate nafasi ya kushangiliwa. Katika kaunti za Kitui na Makueni, mashariki mwa Kenya, ipo pombe ambayo uhusiano wake na sherehe umejengwa kinyume kabisa. Pombe hiyo ni uki, jina ambalo Wakamba hulitumia kwa pombe kwa jumla, na hasa uki wa asali, ambao pamoja na ule wa sukari hufahamika pia kwa jina la kaluvu. Uki haukuwahi kutafutiwa tarehe, maana kila ulipopikwa ulipikwa kwa ajili ya jambo fulani la watu fulani, ukaiva kwa muda wake, na usiponywewa kwa wakati ukaharibika. Ufundi wake, basi, unastahili sifa kwa jambo ambalo wanaosifu vinywaji hulisahau mara nyingi, nalo ni kwamba mpishi wa uki, pamoja na kupika pombe, huipika na siku itakayonywewa.

Ili sifa hizo zipate kipimo, margarita nayo haina budi kutendewa haki, kwa kuwa nyuma yake umo ufundi wa kweli. Asili ya mchanganyiko wenyewe ina wadai wengi: wapo wanaomtaja Carlos Herrera, aliyekuwa na mkahawa karibu na Tijuana nchini Meksiko katika miaka ya 1930, wapo wanaomtaja Margarita Sames, mwenye nyumba ya mapumziko Acapulco katika miaka ya 1940, ilhali kitabu cha vinywaji kilichochapishwa London mwaka 1937 tayari kilikuwa na viungo hivyo hivyo chini ya jina jingine. Lisilobishaniwa ni chimbuko la tekila, ambayo hutokana na mkonge wa buluu unaolimwa hasa katika jimbo la Jalisco. Mmea huo huachwa shambani kwa miaka sita, minane au zaidi hadi moyo wake ujae sukari. Kisha mkulima hukata majani yote, moyo ukaokwa na kupondwa, maji yake yakachachushwa, na mwishowe yakakenekwa, yaani yakachemshwa ili mvuke wake upozwe na kuwa kioevu chenye kileo kikali zaidi. Kukeneka huko ndiko kunakoitenga tekila na uki, kwa maana kinywaji kilichokenekwa hukaa katika chupa kwa miaka, kikavuka bahari, kikamngoja mnywaji. Mwaka 1971 Mariano Martinez wa Dallas aligeuza mashine ya aiskrimu ikawa ya kugandisha margarita, na mashine hiyo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya kitaifa ya historia mjini Washington. Kuanzia hapo hata mkono wa mchanganyaji haukuwa wa lazima kwa kila glasi. Kinywaji chenye subira kiasi hicho hakina siku kilichofungamana nayo, na ndiyo maana kilihitaji kutafutiwa.

Mimea ya ukoo wa tekila si migeni machoni pa Wakamba. Mkonge wa nyuzi, ambao wataalamu wa mimea huuita Agave sisalana, ni ndugu wa mkonge wa buluu, na uliletwa pwani ya Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida alipokea 62 tu iliyo hai, nayo ikawa mwanzo wa mashamba makubwa ya Afrika Mashariki. Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, lipo shamba la mkonge la Dwa, na katika vijiji vya Kitui mkonge hupandwa mipakani ukawa ua wa boma, huku nyuzi zake zikisokotwa kamba na kufumwa vyondo. Makueni ni kaunti ya machungwa vilevile, mbali na maembe yanayosindikwa katika kiwanda cha Kalamba kilichofunguliwa mwaka 2017. Hata hivyo, hakuna mzee wa Ukambani aliyeugeukia mkonge ili apate pombe ya kumpelekea mkwe, kwa kuwa mkonge ni mgeni wa juzi, na nchi yenyewe ilikuwa na chanzo cha sukari kilichokuwapo tangu kale, nacho ni nyuki.

Nchi hiyo ni kame. Ukitoa vilima vya Mbooni na Kilungu, ambako miwa iliweza kukua mabondeni na kupikiwa pombe pia, sehemu kubwa ya Makueni ya kusini na Kitui ya mashariki ni nyika ya migunga na mibambara, inayopata mvua mara mbili kwa mwaka, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, na mkulima wa huko huitegemea zaidi hiyo ya pili. Mahindi hushindwa mara kwa mara katika ardhi hiyo, lakini miti yake haishindwi kuchanua: mgunga mweusi ambao Wakamba huuita muthiia hutoa maua hata kabla ya mvua kunyesha, na mingine hufuata kwa zamu, hivi kwamba nyuki hupata chakula katika majira ambayo mwanadamu anahesabu vibaba ghalani. Asali, kwa maana hiyo, ni mavuno ya nyika isiyolimika, na mtu anayeipika pombe hatoi nafaka katika kinywa cha mtoto. Jambo hili lina uzito wa kimaadili katika nchi inayojua njaa, kwa kuwa pombe ya mtama au ya uwele hushindana na uji, na ile ya asali haishindani na chochote ila subira ya mrinaji.

Ufundi wa uki huanzia kwenye mzinga. Mzinga wa asili wa Mkamba, unaoitwa mwatu, ni kipande cha gogo kilichotobolewa ndani kwa tezo na patasi hadi kikawa bomba, kikawekewa vifuniko pande mbili na tundu dogo la kuingilia nyuki, kisha kikatundikwa juu ya mti kwa kulazwa. Mti unaopendelewa kwa kazi hiyo ni mukau, ambao kitaalamu huitwa Melia volkensii, mti wa nyika wenye ubao unaokubali tezo na usioliwa kwa urahisi na mchwa, na ambao umetukuka kiasi cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya kuufanyia kazi ya miaka mingi katika kituo chake cha Kitui ili wakulima waupande kwa mbao. Fundi huupaka mzinga nta kwa ndani ili kundi linalohama livutwe na harufu, na mwenye mali huutia alama ya ukoo wake, kwa sababu mizinga hutundikwa mbali na boma, pengine katika mti ulio shambani kwa mwingine, na alama hiyo ndiyo shahidi pekee. Gerhard Lindblom, mwanazuoni wa Uswidi aliyeishi Ukambani mwaka 1911 na 1912 na ambaye kitabu chake kuhusu Wakamba kilichapishwa Uppsala mwaka 1920, aliutolea ufugaji huo wa nyuki maelezo marefu, na mengi aliyoyaona bado yanaonekana kwa anayepita Mutomo, Ikutha au Kibwezi akitazama juu.

Kurina asali, yaani kuitoa mzingani, hufanywa usiku au jioni kwa mwenge wa moshi, na mrinaji mwenye adabu huacha sehemu ya masega ili kundi lisihame. Asali inayokwenda kwenye chungu cha uki si lazima iwe ile nyeupe ya mezani. Masega yaliyovunjika, yenye chavua, yenye asali iliyokolea rangi, hukamuliwa ndani ya maji ya uvuguvugu kwa mkono, nta ikaelea na kuenguliwa, mabaki yakachujwa, na kilichobaki kikawa maji matamu ya rangi ya chai ya rangi. Hapo ndipo hukumu ya kwanza ya mpishi inapofanyika. Asali ikiachwa ilivyo haichachi, kwa kuwa sukari yake ni nyingi mno, takriban asilimia 80, kiasi cha kuzinyima hamira maji ya kuishi. Ikizimuliwa kupita kiasi, pombe hutoka nyepesi na huwahi kuwa siki. Mpishi wa Ukambani hana kipimo cha kioo cha kutumbukiza chunguni, bali huonja, akazungusha ulimini, akaongeza kata ya maji au donge la asali, na uamuzi huo mmoja wa ulimi huamua ukali wa pombe na pia idadi ya siku itakazochukua kuiva.

Kitu kinachougeuza utamu huo kuwa pombe ni tunda, na hapa ndipo ufundi unapofikia kilele chake. Mwegea, ambao wengine huuita mvungunya na wataalamu huuita Kigelia africana, hukua kandokando ya mito na mabonde ya nchi hiyo, ukachanua usiku maua mekundu ya kiza ambayo popo huyatembelea, na kuzaa matunda marefu mazito yanayoning'inia kwenye vikonyo mithili ya kamba, baadhi yakifikia urefu wa mkono na uzito wa kilo kadhaa. Tunda hilo halina tamaa kwa mtu: bichi lina sumu, lililokomaa ni gumu na chungu, na nyama yake ni nyuzi tupu. Wakamba, kama Wakikuyu na Waembu walio jirani zao, walitambua kwamba katika nyuzi hizo mna nyumba tayari kwa kitu kisichoonekana. Matunda yaliyokomaa huchunwa, yakapasuliwa kwa urefu, yakaanikwa juani hadi yakakauka, kisha yakachemshwa kwa maji, maji yakamwagwa, yakachemshwa tena, hadi uchungu ukaisha na nyuzi zikalegea zikawa kama dodoki. Baada ya hapo hutiwa katika maji ya asali kwa siku kadhaa ili yajifunze kazi, yakatolewa na kuanikwa upya. Maji hayo ya kwanza hayanyweki. Matunda yaliyopitia njia hiyo huitwa miatine, na kuanzia hapo thamani yake huzidi ya asali yenyewe.

Sababu ya thamani hiyo ilikuja kuelezwa na maabara karne nyingi baada ya wapishi kuitumia. Louis Pasteur alionyesha Ufaransa, kuanzia mwaka 1857, kwamba uchachushaji, yaani kugeuka kwa sukari kuwa kileo na hewa ya ukaa, ni kazi ya viumbe hai vidogo mno vya jamii ya kuvu vinavyoitwa hamira. Nyuzi za miatine huzibeba hamira hizo kwa mamilioni, zikajificha katika vitundu vyake, zikakauka bila kufa, na zikaamka pindi zinapokutana na utamu na joto. Mpishi anapoondoa miatine chunguni, akaisuuza kidogo na kuianika juu ya paa au kwenye kamba jikoni, anahifadhi kundi la viumbe ambalo limechaguliwa na upishi wa miaka mingi kwa sifa zinazotakiwa, na ndiyo maana miatine iliyozoea kazi hupendwa kuliko mipya, huazimwa kwa jirani kwa heshima, na hurithiwa na mwana kutoka kwa baba. Tekila nyingine husifiwa kwa ladha iliyotunzwa mapipani. Uki nao una kitu kilichotunzwa, ila kinachotunzwa ni mwenye kuifanya kazi, wala si kazi iliyokwisha kufanywa.

Miatine ikishalazwa katika maji ya asali, chungu au kibuyu kikubwa huwekwa karibu na mafiga, mahali ambapo joto ni la kudumu bila kuwa kali, kikafunikwa kwa namna inayoruhusu hewa kutoka. Joto lina hatari pande zote mbili, kwa kuwa baridi ya Julai katika vilima vya Mbooni huzilaza hamira, na moto wa karibu mno huziua. Mpishi husogeza chungu shibiri moja huku au kule, hupunguza kuni usiku, na hutega sikio. Pombe inayochacha husema: mwanzoni husikika vipovu vya hapa na pale, kisha mvumo mfululizo kama wa mvua ya mbali, na hatimaye sauti hupungua, povu likashuka na harufu ya asali ikaiachia nafasi harufu kali zaidi. Uki wa miwa huweza kuwa tayari kwa siku moja au mbili. Wa asali huchukua muda mrefu zaidi kulingana na uzito wa maji yake, ubora wa miatine na hali ya hewa. Kati ya utamu uliobaki na uchungu unaoanza ipo saa ambapo viwili hivyo hulingana, na uki ukawa mtamu bila kuwa asali, mkali bila kuwa siki. Saa hiyo ikipita, bakteria wa siki huanza kazi yao, na kinywaji kilichowapendeza wazee jioni hii huweza kuwakunja nyuso kesho kutwa.

Ni katika upungufu huu ndipo uki ulipopata hadhi yake. Pombe isiyongoja humlazimisha mtu kuhesabu siku kutoka mwisho kwenda mwanzo: ikiwa mbuzi wa ntheo, yaani mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana ili uchumba uthibitike, watapelekwa Jumamosi, basi asali sharti ikamuliwe siku fulani kabla yake, miatine iamshwe siku nyingine, na kuni, vibuyu na wabebaji viwe tayari kwa saa isiyosogezwa. Wageni nao hufungwa na hesabu hiyo hiyo. Mjumbe alipotumwa kuwaambia wazee wa utui, yaani mtaa wa kijiji, kwamba uki umewekwa chunguni, aliwapa mwaliko usiokubali udhuru wa wiki ijayo, kwa sababu wiki ijayo kusingekuwa na kitu cha kunywa. Kuhudhuria kulikuwa sehemu ya upishi, na asiyefika aliuharibu uki kwa kadiri ya fungu lake. Sherehe za kalenda hustahimili wanaokosa, kwani chupa ikifungwa leo hufunguliwa mwakani. Uki ulijenga jamii ya watu waliofikishana mahali pamoja kwa wakati mmoja, na pengine hakuna chombo cha kijamii kilichofanya kazi hiyo vizuri zaidi katika nchi ya maboma yaliyotawanyika mbalimbali.

Mambo yaliyostahili uki yalijulikana. Mahari yalikuwa na uki wake katika hatua mbalimbali. Kesi iliyoamuliwa na nzama, yaani baraza la wazee, ilifungwa kwa uki. Na katika ithembo, mahali patakatifu penye mti mkubwa, kiasi chake kilimwagwa chini kwa ajili ya aimu, roho za waliotangulia, kabla ya walio hai kuonja. Thome, uwanja wa wanaume mbele ya boma, ndipo ulipogawiwa, na mgawo ulifuata umri, kiasi kwamba mtu angeweza kuisoma ngazi ya heshima ya kijiji kwa kuangalia kibuyu kinapopita. Vijana walikatazwa, na wanawake kwa kawaida hawakuwa na haki ya kunywa pamoja na wazee, ingawa jasho lao lilikuwamo katika maji yaliyotekwa mbali na kuni zilizokatwa. Sifa za ufundi hazipaswi kuuficha ukweli huu, maana utaratibu uliozuia ulevi wa vijana ulikuwa pia utaratibu wa wachache kujiwekea kitu kizuri, na wazee nao hawakukosa walevi miongoni mwao.

Utaratibu huo ulipovunjika, haukuvunjwa na kitu kimoja. Serikali ya kikoloni, na baada yake serikali za Kenya huru, ziliitazama pombe ya kienyeji kama jambo la vibali, kodi na misako, hivyo mpishi akajikuta akifanya kwa hofu kazi ambayo baba yake aliifanya hadharani, na hofu hupenda vitu vinavyoiva haraka. Sukari ya dukani iliingia mahali pa asali kwa sababu ilikuwa rahisi na haikungoja majira. Asali nayo ilipata soko la mijini: mizinga ya mabanzi iliyobuniwa Kenya katika miaka ya 1970 ilirahisisha kurina bila kuvunja kila kitu, na huko Mwingi kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kiliwasaidia wafugaji kusafisha na kuuza asali yao katika chupa, jambo jema kwa mfuko wa familia, ingawa tangu hapo kila kibuyu cha uki huhesabiwa kwa shilingi zilizokosekana. Pengo lililoachwa lilijazwa na chang'aa na pombe za vichochoroni. Juni 2005 makumi ya watu walikufa Machakos, na Mei 2014 makumi wengine wakafa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Kitui na Makueni, baada ya kunywa pombe yenye methanoli, kileo cha viwandani ambacho ulimi hauwezi kukitofautisha na kile cha kunywa lakini ambacho hupofusha na kuua. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kuihalalisha chang'aa kwa masharti ya leseni na viwango, na Katiba ya mwaka huo huo ikazikabidhi kaunti utoaji wa leseni za pombe, lakini sheria hupima kilichomo ndani ya chupa na haina njia ya kurudisha kilichopotea nje yake. Aliyekunywa uki thomeni alimjua aliyeupika, aliijua siku ulipowekwa, na alijua ungekwisha lini. Aliyekunywa katika vichochoro vya mwaka 2014 hakujua hata moja kati ya hayo matatu.

Wapo majirani walioichukua njia nyingine. Ethiopia ina tej, mvinyo wa asali unaochachushwa kwa gesho, mmea wenye uchungu ambao majani na vijiti vyake hutiwa chunguni, na tej imeweza kuhama kutoka meza za wafalme hadi vilabu vya mjini, mikahawa ya Waethiopia walio ughaibuni na hata chupa za kiwandani bila kupoteza jina lake. Tanzania ina wanzuki, pombe ya asali ya nyanda zenye miombo, inayouzwa vilabuni pamoja na pombe nyingine za kienyeji. Mifano hii huwafanya baadhi ya watu wapendekeze uki utiwe chupani, ubandikwe lebo na upewe siku yake ya kitaifa, na hoja yao haina upuuzi, kwani mfugaji wa Nuu au wa Zombe huko Kitui angefaidika na bei ya asali iliyogeuzwa bidhaa yenye thamani zaidi. Lakini ili uki ukae chupani sharti hamira zake ziuawe kwa joto au zichujwe, na zikishaondolewa, kinachobaki ni ladha ya uki iliyotengwa na saa yake. Bidhaa hiyo inaweza kuwa nzuri, hata ya kujivunia, na bado isiwe na lolote la kuwadai wanaoinywa.

Ikiwa Kitui na Makueni zitataka siku moja kuuadhimisha ufundi huu, basi njia iliyo mwaminifu zaidi ingekuwa kuiacha tarehe wazi. Sherehe kama hiyo ingefuata mavuno ya asali baada ya mvua, ikatangazwa kijiji kwa kijiji pale ambapo wafugaji wa mahali hapo wamerina, na ikathibitishwa na mpishi siku chache tu kabla, akiwa ameonja na kusikiliza. Mwaka wa ukame isingekuwapo, na kukosekana kwake kungekuwa taarifa ya kweli kuhusu hali ya nchi, jambo ambalo tarehe 22 Februari haiwezi kumwambia mtu yeyote. Ingewalazimu pia waandalizi kuwatafuta wazee wachache ambao bado wana miatine iliyozoea kazi, kuwalipa kama mafundi wanavyolipwa, na kuwaweka vijana wa kike na wa kiume kando yao wajifunze kuchemsha uchungu ukatoka, kupima utamu kwa ulimi na kusogeza chungu kwa shibiri. Miatine ikifa katika nyumba ya mwisho, miti ya mwegea itaendelea kuzaa mtoni na matunda yatapatikana kwa kila atakayeyataka, ila kazi ya kuyafunza italazimika kuanza upya, na hakuna kitabu kitakachoifanya kwa niaba ya mkono.

Ukuu wa ufundi wa uki umo katika kuyakubali masharti ambayo vinywaji vingine vimefanya bidii kuyakwepa. Tekila ilishinda muda kwa kukenekwa, margarita ikaushinda mkono kwa mashine, na ushindi wote huo uliwapa watu uhuru wa kunywa watakapo, mahali popote, pamoja na yeyote au peke yao. Mpishi wa uki hakuwahi kupata uhuru huo, wala hakuwapa wageni wake, na kwa kuunyima alihakikisha kwamba posa ilishuhudiwa, hukumu ilisikika na wafu walikumbukwa na watu waliofika kwa miguu yao siku ile ile. Jamii inayopanga sherehe zake kwa simu na kuziahirisha kwa simu hiyo hiyo ina la kujifunza kwa pombe isiyokubali kuahirishwa.